Kiinua Mgongo na Talaka

Mtumishi anayestaafu katika nchi za Afrika Mashariki hungojea malipo ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya kwa majina. Ya kwanza ni kiinua mgongo, yaani fedha za mkupuo zinazotolewa mara moja. Ya pili ni pensheni, fedha zinazomfuata mzee kila mwezi mpaka siku ya kufa kwake. Pensheni ni neno lililokuja pamoja na ofisi za serikali. Kiinua mgongo ni neno la Kiswahili kwa asili na kwa tabia: ndani yake anaonekana mtu aliyeinama juu ya kazi siku nyingi, akapewa kitu cha kumsaidia kusimama wima. Mtu huyo ni mmoja. Walakini katika nyumba nyingi migongo iliyoinama ilikuwa miwili. Mmoja uliinama juu ya kazi yenye mshahara, na mwingine juu ya jiko, beseni la nguo, mtoto mchanga na mgonjwa. Maadamu ndoa ipo, hakuna anayeuliza fedha hizo ni za mgongo upi, kwa kuwa wote hula chungu kimoja. Talaka ndiyo inayoliamsha swali.

Swali hili si jepesi kama la nyumba au la shamba. Nyumba huonekana, na shamba hupimwa kwa hatua. Pensheni haishikiki, ni ahadi, na aghalabu siku ya talaka mwenye ahadi bado yu kazini, hajapokea hata senti moja. Je, ahadi huweza kugawanywa? Na kama huweza, mke aliyekaa nyumbani ana fungu gani katika ahadi iliyofanywa baina ya mumewe na tajiri wake? Mahakama nyingi zilijibu kwa muda mrefu kwamba hana. Namna jibu hilo lilivyogeuka, na mahali lilipokataa kugeuka, ni habari inayostahili kusimuliwa taratibu, maana uzee wa wanawake wengi ulitegemea maana ya neno moja.

Neno lenyewe ni hisani. Katika fikira ya zamani ya serikali za Kiingereza, pensheni haikuwa deni ambalo mtumishi angeweza kulidai. Ilikuwa kipaji cha mtawala kwa mtu aliyemtumikia vema, na kipaji hakina mdai. Fikira hiyo ilisafiri pamoja na bendera. Sheria ya Pensheni ya Kenya, iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, ilitamka wazi kwamba mtumishi wa serikali hana haki kamili ya kudai pensheni wala kiinua mgongo kwa ajili ya utumishi wake uliopita. Sheria hiyo ilikataza pia pensheni isihamishiwe mtu mwingine, ila iliacha tundu dogo: amri ya mahakama ya kumtunza mke, mtalaka au mtoto. Tundu hilo lilikuwa la rehema, lakini lafaa liangaliwe vizuri. Anayepewa matunzo hupewa kwa sababu ni mhitaji, na uhitaji ukikoma, au akiolewa na mwingine, haki yake hukoma. Anayepewa fungu hupewa kwa sababu ni mwenye mali. Baina ya mambo hayo mawili ndipo ugomvi wote wa pensheni na talaka ulipokaa.

Marekani nayo, ijapokuwa ilimkana mfalme wa Uingereza, haikuikana fikira yake. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilisema kwamba pensheni ni hisani ya serikali, ambayo Kongresi huweza kuitoa, kuizuia au kuirudisha kama ipendavyo. Ikiwa mwenye pensheni mwenyewe hana haki thabiti, mkewe atasimama juu ya nini?

Upande wa pili wa jambo hili ni sheria ya mali katika ndoa, na hapo Marekani ilikuwa na kitu ambacho Uingereza haikuwa nacho. Kwa sheria ya Kiingereza ya kale, mwanamke aliyeolewa alimezwa na mumewe, yeye na mali yake. Sheria ya Bunge ya mwaka 1882 ilimtoa katika tumbo hilo, ikampa uwezo wa kumiliki mali yake mwenyewe. (Sheria ya Kiislamu ilikuwa imempa mke uwezo huo karne nyingi kabla yake, jambo ambalo waliosifu mwaka 1882 hawakulikumbuka mara nyingi.) Lakini uhuru huo ulikuwa na ukali wake: kila mmoja na chake. Kilichoandikwa kwa jina la mume kilikuwa cha mume, na mke aliyepika miaka 20 aliondoka na sufuria zake. Kwa Wahispania ilikuwa vingine. Mali inayochumwa ndani ya ndoa ilihesabiwa kuwa ya shirika, nusu kwa nusu, bila kujali ni mkono wa nani ulioileta nyumbani. Wahispania waliipeleka sheria hiyo Meksiko, na Marekani ilipoitwaa Kalifonia kwa mkataba wa mwaka 1848, katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1849 iliihifadhi. Ndivyo ilivyotokea kwamba ndani ya nchi moja kukawa na majimbo yaliyofuata sheria ya Mwingereza na majimbo yaliyofuata ya Mhispania, na yote yakakabiliwa na pensheni za serikali moja. Kwa sababu hiyo historia ya swali hili husomeka vizuri zaidi huko kuliko mahali pengine.

Mtu angedhani kwamba katika Kalifonia, nchi ya shirika, mke hakuwa na shida. Shirika halikumfaa kitu mbele ya neno hisani. Mwaka 1941 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua shauri la mtu wa jeshi la majini ambaye alikuwa hajatimiza muda wake wa kustahili malipo ya ustaafu. Mahakama ilisema kwamba alichonacho mtu huyo si mali, bali ni tumaini tu. Na kwa kuwa tumaini si mali, haliingii katika shirika. Kauli hiyo ilitawala miaka 35. Matokeo yake ni rahisi kuonekana. Mume ambaye pensheni yake ingeiva Machi, ndoa ikivunjwa Februari, aliondoka na pensheni nzima. Mwezi mmoja ulikuwa na thamani kuliko miaka yote iliyoutangulia.

Kauli ya 1941 ilianguka mwaka 1976 kwa shauri la mfanyakazi wa kampuni ya simu. Mtu huyo na mkewe walioana mwaka 1950 wakatengana 1973. Kampuni yake ilikuwa na desturi ya kuhesabu alama: umri wa mfanyakazi ulijumlishwa na miaka yake ya kazi, na jumla ikifika 78 alistahili pensheni. Siku walipotengana alikuwa na alama 72. Mahakama ya chini ilifuata njia iliyozoeleka: alama 78 hazijafika, basi hakuna cha kugawa. Mke akarudi na mikono mitupu, ijapokuwa karibu miaka yote ya kazi ya mumewe ilipita akiwa mke wake.

Hukumu ya mahakama kuu ya jimbo iliandikwa na Jaji Mathew Tobriner, na nguvu yake ilitokana na kuliondoa neno hisani mahali pake na kuweka lingine. Pensheni, alisema, ni ujira. Mwajiri huzuia leo sehemu ya malipo ya kazi, akaahidi kuilipa kesho. Na mfanyakazi hukubali mshahara mdogo wa leo kwa sababu ya ahadi hiyo ya kesho. Ni haki ya mkataba, na haki ya mkataba ni mali hata kabla ya kuiva. Hoja hii ikiingia mlangoni, mke huingia pamoja nayo. Maana ikiwa mshahara ulipunguzwa ili akiba iwekwe, kupungua huko kulionekana wapi ila sokoni, katika kapu lililorudi jepesi, na katika viatu vya watoto vilivyoshonwa mara ya tatu? Wote wawili walikuwa wameweka akiba, mmoja kwa kutia saini na mwingine kwa kujinyima.

Palibaki tatizo la hesabu, na majaji walilitatua kwa kanuni ambayo mtoto wa shule huweza kuifanya. Huchukuliwa muda wa kazi uliopita ndani ya ndoa, ukagawanywa kwa muda wote wa kazi. Fungu linalopatikana ndilo la shirika, na nusu yake ni ya mke. Mathalan, mtu ametumika miaka 20, na katika hiyo miaka 15 alikuwa na mke. Robo tatu za pensheni ni za shirika, na mke ana nusu ya robo tatu, yaani sehemu tatu katika nane. Ikiwa pensheni haijaiva, mahakama huweza kungoja na kuigawanya kila inapolipwa. Hivyo hasara ya mume kufukuzwa kazi au kufa mapema huwaangukia wote wawili, kama faida.

Baada ya hapo ilibaki milango miwili iliyofungwa, na yote miwili ilifungwa na serikali ya nchi nzima, si ya majimbo. Mmoja ulikuwa wa askari na mwingine wa makampuni.

Hapana budi kwanza kusema habari za mke wa askari, maana maisha yake yalikuwa na tabia ya peke yake. Kila miaka miwili au mitatu alifunga masanduku akamfuata mumewe kambi nyingine, na kila alipofika alianza upya. Mwanamke wa namna hiyo, hata akiwa mwalimu au muuguzi mwenye cheti, hukatisha kazi kabla hajatimiza miaka inayohitajiwa ili apate pensheni yake mwenyewe. Pensheni ya mume ndiyo ilikuwa pensheni ya nyumba. Wake wa watumishi wa balozi walikuwa katika hali iyo hiyo, na wao walikuwa na ushahidi wa maandishi. Mpaka mwaka 1972 taarifa za siri kuhusu utendaji wa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilimtaja na mkewe: anakaribishaje wageni, anaendeshaje nyumba, anasaidiaje kazi ya mumewe. Mke alipimwa na serikali kama mtumishi, bila mshahara. Mwaka huo Wizara ilitoa agizo kwamba mke wa mtumishi ni mtu binafsi, asipimwe wala asiamrishwe. Agizo lilikuwa jema, lakini lilikuja na uchungu wake. Wanawake waliokwisha kupimwa miaka 25 walitambua kwamba serikali iliyowapa alama haikuwa na mahali popote ilipoandika deni lao.

Chama cha wanawake wa watumishi hao kililichukua jambo hili, na katika Kongresi walimpata Patricia Schroeder, mbunge wa Colorado. Sheria mpya ya watumishi wa mambo ya nje ya mwaka 1980 iliweka kwamba mtalaka aliyekuwa katika ndoa muda usiopungua miaka 10 ya utumishi wa mumewe atapata fungu la pensheni, kwa kadiri ya miaka yao pamoja, hata kufikia nusu. Ni vizuri kuona kwamba neno lililotumika halikuwa rehema wala matunzo. Ilikuwa haki, na ilianza kwa kikundi kidogo kilichoweza kuonyesha karatasi.

Wake wa askari hawakuwa na karatasi kama hizo. Shauri lililoamua mambo yao lilikuwa la daktari wa jeshi la nchi kavu mwenye cheo cha Kanali. Alioa katika mji wa Portland mwaka 1957, naye angali mwanafunzi wa udaktari. Mkewe alifuatana naye Pennsylvania, Hawaii, Washington, Texas na Kalifonia. Walitengana mwaka 1976, wakati daktari alipokuwa amekwisha kutumika kiasi cha miaka 18 katika 20 iliyotakiwa. Alistaafu mwaka 1978 kwa malipo ya dola 1,645 hivi kwa mwezi, na mahakama ya Kalifonia ikampa mkewe kadiri ya asilimia 45. Daktari alikata rufani mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, na tarehe 26 Juni 1981 majaji sita kwa watatu walimpa ushindi.

Hoja za majaji hao hazikuwa za kipuuzi. Walisema Kongresi ilikusudia malipo ya askari mstaafu yawe yake yeye mwenyewe. Askari mstaafu, walikumbusha, bado yu chini ya sheria za kijeshi na huweza kuitwa tena vitani. Walisema pia kwamba jeshi linahitaji vijana, na malipo ya ustaafu ndiyo yanayowashawishi wazee waondoke kwa wakati. Majimbo yakiyapunguza, mpango wa jeshi utaharibika. Miaka miwili nyuma, mwaka 1979, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuukata mkono wa mke katika pensheni ya mfanyakazi wa reli kwa hoja zinazofanana na hizo. Majaji walikiri kwamba hali ya mtalaka wa askari mara nyingi ni ya kusikitisha. Lakini kuiponya, walisema, ni kazi ya Kongresi peke yake.

Yamkini hakuna hukumu ya namna hiyo iliyojibiwa kwa haraka zaidi. Wanawake walioachwa walikwenda Washington kutoa ushahidi; Schroeder akabeba mswada wao; na tarehe 8 Septemba 1982 sheria ikatiwa saini. Ilianza kazi tarehe 1 Februari 1983, lakini ilirudi nyuma mpaka tarehe 25 Juni 1981, yaani siku moja kabla ya hukumu, kana kwamba Kongresi imetaka kuifuta hata kivuli chake. Sheria hiyo haikumpa mke fungu kwa nguvu yake yenyewe. Iliziruhusu mahakama za majimbo kuyahesabu malipo ya ustaafu kuwa mali ya ndoa, kila moja kwa sheria yake. Iliweka pia kwamba ndoa ikiwa imekwenda pamoja na utumishi kwa miaka 10 au zaidi, ofisi ya malipo ya jeshi itamlipa mtalaka moja kwa moja, isizidi nusu. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo limewapotosha wengi: wanawake waliokaa miaka minane au tisa waliambiwa kwamba hawana haki. Miaka 10 ni sharti la kulipwa na ofisi, si sharti la kuwa na fungu. Mwenye miaka minane ana fungu lake, ila humlazimu alidai kwa mumewe wa zamani mwezi baada ya mwezi. Anayejua tabia za watalaka anajua thamani ya tofauti hiyo.

Wako waliobaki nje kabisa. Wanawake walioachwa kabla ya Juni 1981, ambao hukumu zao hazikutaja pensheni, walianza kurudi mahakamani kuomba mashauri yao yafunguliwe upya. Mwaka 1990 Kongresi iliufunga mlango huo. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mwanamume hawezi kuishi akingojea shauri la zamani lifufuke. Ni hoja yenye uzito, na uzito wake ulibebwa na wanawake waliokuwa na umri mkubwa kuliko wote.

Mlango wa makampuni ulifunguliwa kwa kelele kidogo zaidi. Sheria kubwa ya mwaka 1974, iliyowalinda wafanyakazi wasipoteze pensheni zao, ilikataza pensheni isihamishiwe mtu mwingine. Ilikusudiwa kumzuia mdai asimnyang'anye mzee chakula chake, lakini mifuko ya pensheni iliitumia kumkatalia mtalaka mwenye hukumu mkononi. Sheria ya mwaka 1984, iliyosimamiwa na Geraldine Ferraro wa New York, iliweka njia: mahakama ikitoa amri yenye majina ya mke na mume, jina la mfuko, kiasi na muda, mfuko sharti umlipe mtalaka kama anavyolipwa mwenye pensheni. Sheria hiyo iliongeza pia kwamba mume asiweze kuyaacha malipo ya mjane bila saini ya mkewe mbele ya shahidi. Kabla ya hapo wanawake waligundua siku ya mazishi kwamba mume alichagua pensheni nono zaidi ya maisha yake, isiyomwachia mke kitu.

Ingekuwa vema habari za askari zikomee mwaka 1982, lakini ukuta uliojengwa mwaka huo ulikuwa na ufa. Askari mstaafu aliyeumia kazini huweza kupata fidia ya ulemavu, nayo haitozwi kodi. Lakini kwa kawaida ili aipate humlazimu kuacha kiasi kile kile cha malipo ya ustaafu. Sheria iliruhusu kugawanya malipo ya ustaafu peke yake, nayo ilikitoa katika hesabu kilichoachwa kwa ajili ya fidia. Mwaka 1989 lilifika mbele ya Mahakama ya Juu kabisa shauri la Meja wa jeshi la anga aliyekaa na mkewe miaka 23. Walipoachana walikuwa wameandikiana kwamba watagawana kila kitu nusu kwa nusu, pamoja na sehemu iliyoachwa kwa ajili ya ulemavu. Mahakama ilisema majimbo hayana uwezo wa kuigawanya sehemu hiyo. Jaji Sandra Day O'Connor hakukubaliana na wenzake. Aliona kwamba mume anapewa uwezo wa kulipunguza fungu la mkewe kwa kujaza fomu.

Hofu hiyo ilitimia kwa namna ya wazi mwaka 2017. Mume na mke wa Arizona waliachana mwaka 1991, na hukumu ikampa mke nusu ya malipo ya ustaafu ya mumewe, askari wa anga. Alilipwa miaka 13. Kisha mume akakubaliwa kuwa na ulemavu wa bega wa asilimia 20, akaacha kiasi cha dola 250 katika dola 1,500 za mwezi ili apate fidia. Nusu ya zile 250, yaani dola 125, ilitoka katika mfuko wa mke na kuingia kwa mume, bila mtu kumwuliza. Mahakama za Arizona zilimwamuru mume amrudishie. Mahakama ya Juu kabisa ilikataa, bila jaji hata mmoja kupinga uamuzi. Mtu aliyeumia bega hastahili kulaumiwa kwa kutafuta fidia ya bega lake. Kasoro ni ya sheria iliyoiweka fidia hiyo ilipwe kwa fedha ambazo nusu yake ilikuwa ya mwingine. Na laonekana hapa lile neno la kale, kwamba haya ni malipo ya mtu mwenyewe, lilivyopata pembe ya kujificha.

Nchi za Afrika Mashariki zililikaribia swali hili kutoka upande mwingine, yaani kwa njia ya kazi ya mke badala ya maana ya pensheni. Tanzania ilitangulia. Baada ya Serikali kutoa mapendekezo yake mwaka 1969, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwekwa, na kifungu chake cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na mke na mume kwa jitihada zao za pamoja. Katika kugawanya, mahakama yatakiwa iangalie desturi za jamaa zao, madeni, mahitaji ya watoto, na mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Neno kazi liliwagawa majaji miaka 12. Baadhi yao walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke, na wajibu hauchumi mali. Mke akiachwa anayo eda yake na kitoka nyumba. Wengine walisema kazi ni kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa. Hukumu hiyo husifiwa kila mahali, wala si bure. Wanaoisifu husahau mara nyingi kwamba mwanamke aliyeileta rufani hiyo hakuongezewa kitu: mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa nyumba yao, naye, kwa maoni ya majaji, alizitawanya, na hizo zikahesabiwa kuwa fungu lake.

Kenya iliendelea kuitumia ile sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 mpaka ilipoweka Sheria yake ya Mali ya Ndoa mwaka 2013. Humo mchango usio wa fedha ulitajwa kinaganaga: kazi za nyumbani, kulea watoto, usuhuba, kusimamia biashara au mali ya jamaa, na kazi ya shamba. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba usawa wa mke na mume ulioandikwa katika katiba haumaanishi kila mmoja atapata nusu bila swali. Kila mmoja hana budi kuthibitisha alichochangia.

Kifungu cha 114 cha Tanzania hakiitaji pensheni kwa jina, wala maelezo ya mali ya ndoa katika sheria ya Kenya hayaitaji. Mtalaka anayeitaka hulazimika kwanza kuishawishi mahakama kwamba ahadi ya mwajiri ni mali, kisha kwamba mali hiyo ilichumwa kwa jitihada za wawili, kisha aonyeshe kiasi cha mchango wake. Ushahidi wa hatua hizo ni barua ya ajira, hati za mshahara za miaka mingi na taarifa za mfuko. Karatasi hizo hutumwa kwa jina la mume, na aghalabu zimo katika mkoba ambao mke aliutia vumbi kitambaa kila juma bila kuufungua.